Mjane wa Kasarani anauliza: nikifa, mbwa wangu watatu watakwenda wapi?

Swali: Mimi ni mjane wa miaka 68, naishi Kasarani. Nina mbwa watatu. Simba ana miaka 11 na sikio lake la kushoto halisikii tena. Bosi ana miaka 6, na Popi, jike, ana 3. Mwanangu wa kiume yuko Dallas. Binti yangu amepanga fleti Kilimani na mwenye nyumba hataki mnyama. Wameshaniambia kwamba siku nikiondoka nyumba itauzwa. Anayewajua mbwa hawa vizuri ni mlinzi wangu, ambaye nimekaa naye miaka tisa. Nimesikia kuna mama huko Marekani alimwachia mbwa wake mamilioni. Je, sheria ya Kenya inaniruhusu niwaachie wangu chochote? Na mara nyingine usiku nawaza niandike tu wadungwe sindano, wasije wakateseka. Nifanye nini?

Jibu: Mama, pole kwa kulibeba jambo hili peke yako usiku. Mimi ni wakili wa mirathi hapa Nairobi, na kwa miaka yote hii watu wenye mbwa huniuliza habari zao wakiwa wamekwisha kusimama kuondoka, shamba na nyumba zimekwisha kugawanywa, sauti imeshuka kama ya mtu anayeomba radhi. Wewe umeuliza waziwazi, na ningetamani wengi wafanye hivyo.

Nianze na lililotupata kwetu. Shangazi yangu alifariki akiwa na mbwa wawili nyumbani kwake, mtaa usio mbali na wako. Jioni ile geti lilifunguliwa, na kwa siku sita halikufungwa: majirani, watu wa kanisa, kamati ya mazishi, viti vya kukodi, masufuria ya chai. Mbwa wakafungwa minyororo nyuma ya jikoni ili wasiwatishe wageni. Siku ya saba tukapanda mabasi kwenda kumzika Murang'a, na kwa kuwa ukoo ulikuwa na mazungumzo yake, tulilala huko siku nne zaidi. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amemwachia mtu funguo. Tuliporudi, mbwa mmoja alikuwa amechomoka kwenye mnyororo na kutoweka, hatukumwona tena. Wa pili alikuwa hai kwa sababu jirani alimrushia ugali juu ya ukuta. Wosia wa shangazi niliuandika mimi mwenyewe, na ulikuwa na kifungu kizuri kuhusu mbwa wale. Kilikuwa kwenye faili, ndani ya kabati la ofisini, siku zote hizo walipokuwa wakilia.

Kwa hiyo neno langu kubwa kwako ni hili: maisha ya mbwa wako yataamuliwa katika siku tatu nne za kwanza baada ya wewe kufa, na siku hizo wosia bado haujafunguliwa. Uandike, ndiyo, nami nitakueleza namna. Lakini kabla ya wosia tafuta mtu, mpe ufunguo, na weka pesa mahali anapoweza kuzifikia bila kungoja mahakama.

Sasa sheria. Kwa sheria ya Kenya mbwa ni mali, sawa na kabati au gari. Najua linauma kulisoma, maana Simba si kabati, lakini majibu yote yanaanzia hapo. Mali hairithi mali. Huwezi kumwachia Simba pesa, kwa sababu hana mkono wa kupokea wala mdomo wa kulalamika mahakamani kwamba hajalishwa. Unachoweza ni kumwachia mtu Simba, kisha kumwachia mtu huyohuyo pesa za kumtunza. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inampa kila mtu mzima mwenye akili timamu uhuru wa kuigawa mali yake kwa wosia, na mbwa wamo humo. (Msomaji Mwislamu akumbuke kwamba mirathi yake inafuata sheria ya Kiislamu: wosia hauvuki theluthi moja, na mtu wa kumwona mapema ni kadhi.)

Yule mama wa Marekani uliyemsikia nadhani ni Leona Helmsley, tajiri wa hoteli za New York aliyefariki mwaka 2007. Aliacha dola milioni 12 kwa ajili ya mbwa wake mdogo aliyeitwa Trouble. Lililomwezesha ni kwamba majimbo ya kule yana sheria maalumu: mtu anaweza kuanzisha mfuko wa amana kwa ajili ya mnyama, na mahakama ikamteua mtu wa kuhakikisha pesa zinatumika kwa mnyama huyo. Jimbo la mwisho kupitisha sheria ya namna hiyo lilikuwa Minnesota, mwaka 2016. Kenya haina kifungu kama hicho. Lakini hata kule, mwaka 2008 jaji alizipunguza zile milioni 12 hadi 2. Hilo lishike, kwa sababu hapa kwetu watoto wana mlango wao wa kuingilia: kifungu cha 26 cha Sura ya 160 kinamruhusu mtegemezi wa marehemu kwenda kulalamika kwamba hakuachiwa sehemu ya kutosha, na watoto, hata wakiwa watu wazima, wamo kwenye orodha ya wategemezi. Ukiwaachia watunza mbwa nusu ya mali, unawaita wanao kwenye mahakama za Milimani. Ukiacha kiasi kinachoeleweka, chenye hesabu nyuma yake, watakubali na hata watashukuru kwamba umewapunguzia mzigo.

Mahakama za Uingereza, ambazo hukumu zake majaji wetu huzisoma ingawa haziwafungi, ziliwahi kukubali jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1889, katika kesi inayojulikana kama Re Dean, mtu alikuwa amewaachia wadhamini wake, yaani watu aliowakabidhi mali yake waisimamie, farasi na mbwa wa kuwindia, pamoja na pauni 750 kila mwaka za kuwatunza, kwa miaka hamsini kama wangeishi kiasi hicho. Jaji alisema sharti hilo ni halali, ila hakuna anayeweza kuwalazimisha wadhamini kulitimiza. Mimi husimama hapohapo ninapowashauri watu: pesa za mbwa hukaa salama kwa mtu mwaminifu, na kwa asiye mwaminifu hakuna maneno ya wakili yatakayozilinda. Tumia muda wako mwingi kumchagua mtu.

Hebu tumzungumzie mlinzi wako. Miaka tisa ni mingi. Ninavyokusoma, moyo wako umekwisha kumchagua, na huenda umechagua vyema. Lakini mtazame kama atakavyokuwa asubuhi ile: amefiwa na mwajiri, kazi imekwisha, nyumba inauzwa, na chumba chake cha servanti kwota kinahitajika kabla ya mwisho wa mwezi. Atawapeleka wapi mbwa watatu? Kama amepanga chumba kimoja, mwenye ploti atakubali? Kama atawapeleka kwao mashambani, mke wake anajua? Mbwa wa mjini aliyezoea ukuta na geti akifika kijijini hushangaa. Atakimbiza kuku wa jirani siku ya kwanza, na kuku wawili wakifa kuna mtu atakayetega sumu. Atakutana na kupe ambao mwili wake haujawazoea. Atakutana na mbwa wanaozurura bila chanjo. Mambo haya yana dawa: ua wa waya, dawa ya kupe, chanjo kila mwaka. Lakini yanahitaji pesa na yanahitaji ajue mapema.

Tena usimwulize wewe mwenyewe. Mfanyakazi akiulizwa na mama mwenye nyumba kama atawatunza mbwa wake akifa, atasema ndiyo. Atasema ndiyo kwa heshima, na kwa sababu ni mwiko kujadili kifo cha mtu mbele yake. Mwombe binti yako au rafiki yako aketi naye, amweleze wazi kwamba akikataa hakuna atakayemchukia, na amwulize ni yupi kati ya watatu angeweza kumchukua kweli. Huenda akasema, "Simba tu." Jibu hilo ni la dhahabu kuliko ndiyo ya watatu. Kuwatenganisha si dhambi, isipokuwa wale wanaolala pamoja na kula pamoja. Hao ukiwatenganisha huacha kula. Wewe ndiye unayejua kama Bosi na Popi ni wa namna hiyo.

Tafuta na mtu wa pili, kwa sababu wa kwanza anaweza kuhama, kuugua, au kufa kabla yako. Kwa kawaida mtu huyu si wa ukoo. Ni yule jirani ambaye mbwa wako wakimwona hutikisa mkia, mwenzako wa chama mwenye kiwanja Ruai, mwalimu mstaafu aliyefiwa na mbwa wake mwaka jana. Ukiketi ukahesabu watu ambao Popi huwalalia miguuni, utashangaa.

Ukishampata, zungumza naye jambo ambalo mawakili wengi hulipita: kumpa umiliki sasa hivi. Ninakuandikia hili nikiwa nimeliona likiokoa wanyama mara kadhaa. Mnaandikiana karatasi ya ukurasa mmoja, mkiisaini mbele ya mashahidi, kwamba kuanzia leo mbwa hawa ni wenu wawili kwa pamoja, na mmoja akifa wanabaki wa aliye hai. Kwako hakuna kinachobadilika. Wanaendelea kulala barazani kwako. Lakini siku ukifariki, mbwa hawaingii kwenye mirathi. Mwenzako anakuja na karatasi yake na mnyororo, anachukua walio wake, na hakuna binamu atakayemsimamisha getini.

Bila karatasi hiyo, mambo huwa hivi. Kifungu cha 45 cha Sura ya 160 kinasema asiye na idhini asiiguse mali ya marehemu. Anayeichukua au kuiuza anatenda kosa, na adhabu yake ni faini hadi shilingi 10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kumlisha mbwa mwenye njaa hakuna atakayekushtaki kwalo, usiogope. Lakini kumchukua jumla, au kumpa mtu, au kumuuza Popi kwa sababu ni wa mbegu nzuri, hapo ndipo ugomvi huanzia. Na kuipata idhini ya mahakama kunachukua muda: ombi linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 zinatolewa kwa mwenye pingamizi; kisha, hati ya kwanza ya kuisimamia mirathi ikishatoka, kwa kawaida miezi sita hupita kabla mahakama haijaithibitisha na mali kugawanywa. Hata familia isiyogombana ni nadra kumaliza chini ya mwaka. Mwaka mmoja ni sehemu kubwa sana ya maisha ya Simba yaliyobaki.

Hapa ndipo wosia unapoonyesha faida yake, na wengi hawaijui. Ukifa bila wosia, hakuna mtu mwenye mamlaka yoyote mpaka mahakama imteue. Ukifa na wosia uliomtaja msimamizi, mahakama ikishauthibitisha, yale aliyoyafanya tangu siku ya kifo chako yanahesabiwa kuwa halali. Yaani binti yako, ukimtaja kuwa msimamizi, anaweza kumlipa mlinzi mshahara wa mwezi huo, kununua unga na kumwita daktari wa mifugo, akijua kwamba matumizi yale yatatambuliwa baadaye. Basi andika hivyo: kwamba gharama za kuwalisha na kuwatibu mbwa wako tangu siku ya kifo chako zitoke kwenye mirathi, na kwamba mlinzi aruhusiwe kukaa kwenye kiwanja pamoja nao kwa siku tisini hata kama nyumba imepata mnunuzi. Siku tisini zinatosha kumpa mtu nafasi ya kujenga banda.

Katika kifungu chenyewe usiwataje mbwa kwa majina peke yake. Andika "mbwa wangu wote watakaokuwa hai siku nitakapofariki". Namwombea Simba umri, lakini kwa miaka yake huenda akakutangulia, na huenda kesho kutwa ukaokota mwingine barabarani. Kisha mtaje anayewachukua, mtaje wa pili endapo wa kwanza hawezi, na utaje kiasi cha pesa.

Kuhusu kiasi: chukua kalamu wewe mwenyewe. Andika mwezi mmoja unatumia nini kwa unga, kwa mifupa na matumbo ya bucharini, kwa omena kama unawapa. Ongeza dawa ya minyoo kila miezi mitatu, dawa ya kupe, chanjo ya kichaa cha mbwa na zile nyingine kila mwaka, na ugonjwa mmoja mkubwa kwa kila mbwa. Zidisha kwa miaka. Mbwa wa kadiri huishi miaka 10 hadi 13, kwa hiyo kwa Popi pangia miaka kumi, kwa Bosi saba, kwa Simba miwili mitatu. Ongeza kitu kwa jasho la mtunzaji, maana mtu anayeamka saa kumi na moja kuwapikia mbwa wa mwenzake anafanya kazi. Karatasi hiyo ya hesabu iambatanishe na wosia. Mtoto aliye Dallas akiiona ataelewa hukupotewa na akili.

Pesa zenyewe zisitolewe zote mara moja. Msimamizi azitoe kila miezi mitatu, akiwa amewaona mbwa kwa macho yake. Na fikiria zinazobaki mbwa wakishakufa zitakwenda kwa nani. Ukisema zibaki kwa mtunzaji, umemwekea mtu maskini sababu ya kutamani wafe mapema. Hata akiwa mwema, usimjaribu. Ukisema zirudi kwa wanao, umewapa wao sababu hiyohiyo, na ndio watakaokuwa wakikagua. Mimi hupendelea masalio yaende kwa shirika la wanyama au kanisani, mahali ambapo hakuna anayehesabu pumzi za Simba.

Lakini pesa za wosia ni pesa za baadaye. Za wiki ya kwanza zitoke wapi, maana akaunti ya benki hufungwa na M-Pesa yako nayo hudai hati? Kama una hisa au akiba kwenye SACCO, sheria ya vyama vya ushirika inaruhusu chama kumlipa yule uliyemwandika kuwa mteule wako, bila kungoja mirathi igawanywe. Nenda ofisini kwao, itoe fomu yako, uangalie jina lililomo. Wajane wengi huikuta bado ina jina la mume. Unaweza kumwandika binti yako kwa sehemu kubwa na mtunza mbwa kwa sehemu ndogo. Njia nyingine, rahisi kabisa, ni kumwachia daktari wako wa mifugo malipo ya awali yenye risiti, na kumlipa mwenye duka la vyakula vya mifugo gunia mbili zisizochukuliwa mpaka aitwe. Nimeona mzee mmoja akifanya hivyo na muuza duka wa mtaani kwake, na neno lake lilishikwa.

Sasa utiaji saini, kwa sababu hapa ndipo wosia nyingi nzuri huharibika. Kifungu cha 11 kinataka usaini, au uweke alama yako, mbele ya mashahidi wawili au zaidi, nao wasaini mbele yako. Mashahidi walio karibu ni nani? Mlinzi na dada wa kazi. Wanaitwa kutoka jikoni, wanasaini, kila mtu anafurahi. Kisha siku ya siku inagunduliwa kwamba yule aliyeachiwa mbwa na pesa ndiye shahidi, na kifungu cha 13 kinasema zawadi kwa shahidi, au kwa mume au mke wa shahidi, ni batili, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili wasiohusika. Umemwandikia kwa mkono mmoja ukamnyang'anya kwa mwingine. Waite majirani wawili ambao humwachii kitu yeyote kati yao.

Wala usitegemee kwamba ulishawaambia watoto kwa simu. Wosia wa mdomo upo kisheria, lakini unataka mashahidi wawili na unashika tu kama mtu atafariki ndani ya miezi mitatu tangu alipousema. Usitegemee pia hati ya uwakilishi, yaani ile ya kumruhusu binti yako akufanyie shughuli kama za benki: hati hiyo inakufa pamoja na aliyeitoa, siku hiyohiyo. Inafaa kwa jambo jingine ambalo hukuliuliza na ambalo linaweza kutangulia kifo, nalo ni kulazwa. Kiharusi kikikushika ukakaa hospitalini wiki tano, mbwa watakuwa katika hali ileile ya matanga, na hakuna wosia unaofunguliwa kwa mtu aliye hai. Ndiyo maana nasema mtu na ufunguo kwanza. Weka kadi ndogo ndani ya pochi, kando ya kitambulisho: "Nyumbani nina mbwa watatu. Mpigie huyu," na namba mbili.

Nimefika kwenye sindano. Nimeichelewesha kwa sababu nilitaka kwanza uone kwamba kuna njia nyingine. Mama, usiiandike. Wazo hilo linatoka kwenye upendo, sikulaumu hata kidogo, lakini usiliweke kwenye karatasi kama amri. Daktari wa mifugo mwenye dhamira anaweza kukataa kumuua mbwa mzima mwenye miaka mitatu, na binti yako atabaki akizunguka na Popi garini akitafuta atakayekubali, wiki ileile anayokulilia. Huko San Francisco kulikuwa na kisa cha mbwa aliyeitwa Sido. Mwenye mbwa alikuwa ameandika kwenye wosia kwamba auawe, akihofia hatapata wa kumpenda. Shirika la wanyama lililokuwa limemhifadhi lilikataa kumtoa, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 1980 jaji akaamua Sido aishi. Mama yule aliogopa hasa unachokiogopa wewe, na mbwa wake alipata nyumba.

Kwa Simba ni tofauti kidogo. Mbwa mzee, anayeumwa, asiyesikia vizuri, akinyang'anywa mtu wake na nyumba yake kwa mara moja, anaweza kuzorota haraka. Uamuzi huo mwachie mtunzaji, akishauriana na daktari ambaye tayari anamjua Simba. Andika hivyo: "Daktari akiona anateseka na hakuna nafuu, naruhusu apumzishwe, mtu aliyemzoea akiwa ameshika kichwa chake." Ruhusa hiyo ni zawadi kwa atakayebaki, maana bila hiyo ataogopa kukukosea.

Utaniuliza kuhusu KSPCA, shirika la kulinda wanyama ambalo asili yake ni mwaka 1910 na lina makao Karen. Wanawatafutia wanyama waliotupwa makao mapya na wanafanya kazi ngumu. Lakini nafasi yao si ya mpira, na mbwa wa miaka 11 aliye kiziwi wa sikio moja hushindana vigumu na mtoto wa mbwa. Wawe tumaini la mwisho, na uende ukazungumze nao ukiwa hai kabla ya kuwaandika popote.

Kuna mawili matatu ya kufanya mwezi huu ambayo yatawapa mbwa wako nafasi kubwa kuliko kifungu chochote nitakachokuandikia. Kama Popi hajafungwa kizazi, mfunge. Mtu anayefikiria kumchukua jike hufikiria pia watoto sita kila mara, naye hurudi nyuma. Jaza vitabu vya chanjo na uviweke pamoja. Karibu kila mtu anayekufa kwa kichaa cha mbwa duniani ameambukizwa na mbwa, na nchi yetu imejipangia kuumaliza ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo 2030. Hakuna mwenye watoto atakayemwingiza mbwa mkubwa nyumbani kwake bila kuona muhuri wa chanjo. Tena fikiria matanga: kiwanja kimejaa watoto wasiojua kwamba Bosi hapendi kushikwa mkia. Akimuuma mmoja, jambo la kwanza litakaloulizwa ni kitabu hicho, na kisipoonekana, Bosi hafiki jioni. Mwombe aliyekubali kuwachukua awachukue jioni ileile ya kifo, kabla mahema hayajafika.

Halafu wajaribishe. Nenda mashambani wiki nzima, uwaachie watu uliowachagua, kwao na si kwako. Utajua mengi: nani ameshindwa kulala kwa sababu Popi amelia usiku kucha, nani amegundua kwamba mke wake anaogopa mbwa, nani amekurudishia Simba akiwa amenawiri. Wengine watajitoa baada ya wiki hiyo, na ni heri wajitoe ukiwepo.

Mwisho, bandika karatasi nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ambapo mtu anayetafuta chumvi ataiona. Andika wanakula nini na saa ngapi. Andika namba ya daktari. Andika unawaita kwa lugha gani, maana mbwa wa nyumba ya Wakikuyu hakai ukimwambia "sit", na mtunzaji asipojua atadhani ni mkaidi. Andika kwamba Bosi huogopa fataki na radi, na mahali anapojificha. Na andika kwamba Simba afikiwe kutoka upande wa kulia, aitwe kwanza, ndipo aguswe.